Muhuri wa Yai

Ulikuwa mwaka tuliokula vitunguu swaumu kama mboga. Bei ilianguka mpaka punda wakawa wanarudi kutoka mnadani na magunia yaleyale waliyoondoka nayo asubuhi. Sasa mtu atalala njaa na stoo imejaa? Tukaanza kuvila. Tulivichemsha na ngwara, yale maharage yetu meusi, tukavikaanga kwa mafuta ya alizeti, tukavifukia kwenye majivu kama viazi, tukavitwanga na chumvi tukavilia ugali wa mtama. Maziwa yalinuka. Mablanketi yalinuka. Jumapili padri alitugawia komunyo mkono umenyooka na uso kaugeuzia dirishani, kama mtu anayelisha fahali mkali. Mpaka leo hapa Endagikot ukitaka kumwambia mtu jambo lilitokea lini unasema "mwaka wa kunuka", naye anajua.

Mwaka huo ndio walilitaka dole gumba langu.

Walilitaka kwenye mkataba. Kampuni ya Wachina ilitaka kujenga ghala la kukaushia na kuhifadhia vitunguu, lenye mashine za baridi, na mahali palipoifaa kuliko pote palikuwa shamba langu la mtoni. Siwalaumu kulitamani. Ni dogo, ukisimama katikati ukarusha jiwe linatoka nje, lakini maji yake hayakauki hata Oktoba, barabara iko hapo hapo, na udongo wake ukiushika unabaki mkononi kama unga uliokandwa. Limezungukwa na minyaa niliyoipanda mwenyewe, mche mmoja mmoja. Ndilo lililobaki. Nikilitoa hilo nimekuwa mtu wa kuomba mboga kwa majirani, na mimi nilizaliwa Nangwa kwa watu wasioomba.

Nasema ndilo lililobaki kwa sababu yalikuwa mawili. Mume wangu alifyeka jingine kule Hirbadaw, upande wa Hanang. Alilifyeka kwa panga na mgongo wake, akawa anakwenda kulala huko wiki nzima na kurudi amekonda. Alipokufa, hata matanga hayajaisha, mdogo wake alikuja na karatasi. Huyu shemeji yangu nitamsema humu mpaka mwisho, kwa hiyo mzoeeni mapema. Ni mtu wa adabu. Hajawahi kuniibia bila kuniamkia kwanza.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Ni karatasi ya mambo ya msiba tu. Weka dole hapa, mengine tutahangaika nayo sisi."

Nikaweka. Sikujua kusoma. Nilikuwa nimekaa chini macho yamevimba, na yeye mwenyewe alinishika mkono akalibonyeza dole, taratibu, kama unavyomnywesha mtoto dawa. Msimu uliofuata nilikwenda Hirbadaw na jembe begani nikakuta mtu mwingine anapanda. Alikuwa maskini wa Mungu kama mimi. Alinionea huruma, akaingia ndani akaniletea karatasi yake nione. Pale chini palikuwa na dole langu na mistari yake yote, hata kovu la mundu lilikuwepo. Sahihi unaweza kuikana. Dole lako utalikanaje?

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa na miaka kama mitano. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alikuwa ameolewa kwingine akaniachia. Siku ile ya karatasi alikuwa amekaa ubavuni pangu, na watu walipoondoka alikwenda kuchuma jani la boga akaanza kunifuta wino. Wino ule hautoki kwa jani. Alifuta mpaka jani likaisha, akaenda kuchuma jingine. Sijawahi kumuuliza kama anakumbuka. Mimi nakumbuka, inatosha.

Huyo mtoto wa kike ndiye leo profesa wa chuo kikuu.

Baada ya msiba nilianza kusoma na yeye, daftari moja, yeye upande huu mimi upande ule. Alinipita baada ya wiki mbili. Mimi nasoma kwa kidole mpaka leo, neno moja baada ya jingine, lakini hakuna karatasi inayopita mbele yangu bila kidole hicho kuipitia.

Sasa niseme vizuri anafundisha nini, maana nimechoka kusikia watu wakisema ovyo. Anafundisha chuo kikuu, kwenye kitivo cha biashara, na kitu anachokijua kuliko watu wengi katika nchi hii ni sheria ya Wachina. Makampuni yao yanaundwaje, mikataba yao inafungwaje, na mkigombana nao nani anawaamua. Alisoma biashara, akapata nafasi ya masomo kule kwao, akaondoka na blanketi langu zito kwenye begi. Mwaka wa kwanza hakusoma sheria yoyote. Alijifunza kuongea. Alinipigia simu akaniambia wana neno moja, ukilisema sauti juu ni mama, ukilibembea ni farasi, ukilikata ni kutukana.

"Sasa hapo kigumu ni nini?" nikamuuliza. Kiiraqw chetu nacho ukikosea kupandisha sauti umesema kingine, watu wanakucheka mpaka jioni.

Akacheka sana. Akasema wenzake wa nchi nyingine wanalia na hizo sauti, yeye anajiona kama yuko jikoni anaongea na mimi. Kwa hiyo hilo nalo limetoka kwangu. Nalisema kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Kisha akasoma sheria yenyewe, miaka, akarudi daktari, daktari wa kusoma, asiyechoma sindano. Hata hilo lilinigombanisha na jirani mmoja aliyeleta mguu wake wenye kidonda. Udaktari wake aliuandika juu ya mihuri. Alinieleza kwamba kule sahihi ya mtu haina uzito kama huku. Kampuni inaongea kwa muhuri. Kila kampuni ina mihuri kadhaa, kila mmoja una kazi yake, na ndugu wanafungiana milango ya ofisi wakigombania nani aushike, maana aliyeushika ndiye kampuni. Yeye aliandika kitabu kizima kinachosema ni lini muhuri unamfunga mtu na ni lini haumfungi.

Hapo watu wa kwetu walipata cha kuchekea. Nilikuwa nikifika kwenye mashine ya kusaga wanaacha kuongea habari zao.

"Eti mama, ni kweli mjukuu wako alipanda ndege kwenda kusomea muhuri?"

"Ni kweli."

"Mbona mtendaji wa kata ana muhuri na hakufika hata Dodoma?"

Wanacheka, unga unaruka. Shemeji yangu ndiye alikuwa bingwa wao. Yeye alikuwa na mambo yake mawili, akichoka na hili analeta lile. La kwanza: "Profesa gani wa biashara asiye na duka? Mwambie basi afungue hata genge la nyanya." La pili: "Na hiyo sheria ya Wachina atamtetea nani? Mchina gani ameibiwa mbuzi hapa Endagikot?"

Siku moja nilimjibu mbele ya watu. "Afadhali anayesomea muhuri kuliko anayewashika wajane vidole."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Shemeji una maneno," akasema. Akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Chuoni kwake nako sikufurahishwa. Miaka mingi walimnyima cheo. Alinieleza kwamba kazi yake ikishaandikwa lazima isomwe na mtu mwingine anayejua mambo hayo ndipo apandishwe, na mtu huyo hakuwepo. Faili likawa limelala. Mimi nilimuuliza, mtu akijua kitu usichokijua wewe, unamwadhibu kwa sababu hukijui? Akasema, "Bibi, ni utaratibu." Nimeishi na hilo neno utaratibu. Ndilo lililochukua Hirbadaw. Mwishowe walipatikana wasomaji huko huko ugenini, wakaandika vizuri, akawa profesa. Sasa anaitwa mpaka kule kwenda kuwafundisha watoto wa Kichina sheria ya baba zao. Wafanyabiashara wa mjini wanamletea mikataba ya mashine na matrekta, anaipitia kama mimi ninavyochambua maharage kwenye ungo: hili zima, hili zima, hili limeoza, tupa.

Basi mwaka wa kunuka alikuja likizo kunisaidia kuvuna. Kusema kweli alikuja kunisaidia kula. Na mkutano ukaangukia wiki hiyo.

Ulifanyika darasani, shule ya msingi, kwa sababu nje kulikuwa na ukungu na baridi ile yetu ya kukata masikio. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, amekaa mezani kwa mwalimu. Pembeni yake dalali kutoka mjini, mtu wa jaketi linalong'aa, hajawahi kung'oa kitunguu hata kimoja. Na kwenye dawati la watoto kijana wa Kichina aliyetumwa na kampuni, magoti yamemfika kidevuni, anamtolea kila mtu tabasamu. Mimi na mjukuu wangu tulikaa nyuma na akina mama.

Dalali alisoma mkataba kwa Kiswahili, haraka kama mtu anayekimbizwa na mvua. Halafu akanyanyua ukurasa wa mwisho juu, akautembeza kulia na kushoto, ili wote tuuone muhuri.

Ulikuwa mwekundu. Na ulikuwa na umbo la yai.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa lile yai lilitufanya nini. Kwetu muhuri wa yai ni wa parokia. Uko kwenye cheti chako cha ubatizo, uko kwenye cheti cha ndoa, na ukifa unatafutwa kwanza huo ndipo mtaongea habari ya jeneza. Mihuri ya ofisi tunaijua. Inapotea, inaazimwa, inagongwa na yeyote aliyeamka na ufunguo. Lakini wa yai hakuna aliyewahi kusikia umedanganya. Katekista akasimama kabisa, akausogelea, akavaa miwani.

"Huu ni muhuri wenye heshima," akasema. "Hata umbo mnaliona wenyewe."

Darasa zima likaguna kwa kuridhika. Na mimi, niseme ukweli, mkono wangu ulishaanza kupanda kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Mjukuu wangu akaushika akaushusha. Kisha akanyoosha wa kwake.

"Wewe si mkazi," akasema shemeji.

"Ni mjukuu wa mwenye shamba, babu."

"Mwenye shamba yupo, ana mdomo."

Nikasimama. "Ninao. Nao unasema mjukuu wangu asome hiyo karatasi."

"Shemeji, hapa si chuo. Kuna mambo ya wazee."

Hapo mtu mmoja nyuma, mlevi mlevi hivi ambaye jina lake sitaliandika, akapaza sauti: "Si alisomea muhuri? Leo muhuri umekuja wenyewe, mwacheni ausome!"

Wakaangua kicheko, madawati yakapigwa. Walicheka sana hata shemeji akashindwa kukataa. Mzaha wao wa miaka yote ndio uliomfungulia mlango, wala hawakujua.

Alikwenda mbele. Hakuusoma mkataba kwanza. Aliusogeza ule ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia muhuri peke yake, akajing'ata mdomo wa chini. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akikuta nimeficha sukari mahali palepale. Akamgeukia yule kijana wa Kichina akamuuliza kitu kwa lugha yao. Kijana akainuka na dawati lake karibu lote, akasimama wima mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Wakaongea. Akaulizwa tena. Uso wake ukaanza kuwa mwekundu kutokea shingoni.

Na watu wetu hawanyamazi hata mbele ya muujiza.

"Anaongea na wajomba zake!"

"Wanapatana bei, tutauzwa hapa hapa!"

"Muulizeni kama ana mke!"

Mjukuu wangu alisubiri wamalize. Akageuka.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Muhuri huu umeandikwa hapa katikati kwamba ni wa stakabadhi. Ni wa kugongea risiti za mauzo, basi. Ndiyo maana una umbo la yai. Muhuri wa kampuni yenyewe ni wa duara, una nyota katikati. Kuchukua shamba kwa muhuri huu ni kama kufunga ndoa kwa tiketi ya basi. Safari imekuwepo, lakini ndoa hakuna. Kesho wakitaka kuukana mkataba, wana njia ya kuukana, na mtaulizwa ninyi kwa nini mliupokea."

Nilisikia mbuzi wa mwalimu nje.

"Tena," akasema, "ukurasa wa nne kwa Kichina unasema maneno ya Kichina ndiyo yatakayosimama, na ugomvi ukitokea utaamuliwa kule kwao. Ukurasa wa nne wa Kiswahili hausemi hivyo. Dalali aliyetusomea hakuyaruka maneno hayo, hayamo. Na hata bila hayo yote, ardhi ya kijiji mgeni hapewi kwa kikao cha asubuhi moja. Kuna hatua zake."

Yule kijana akasema kitu, naye akatutafsiria: dalali alimletea ukurasa wa mwisho peke yake, akamwambia ni wa kupokea sampuli za vitunguu, naye akagonga muhuri aliokuwa nao begini. Muhuri mkubwa umefungiwa kabatini kwa bosi wake, ng'ambo. Kisha kijana alitembea mpaka kwangu nyuma, akainama mbele yangu kabisa, kichwa chini. Nikamwambia marahaba. Dalali wakati huo alikuwa anatafuta kitu kwenye jaketi lake, anatafuta na kutafuta.

Sasa mnadhani shemeji alisema asante?

Aliikunja ile karatasi vizuri. Akaja nayo mpaka kwangu, uso laini. "Shemeji, hayo ni mambo ya vitabuni. Wawekezaji wakiondoka hawarudi, na vitunguu vinaoza, unaona mwenyewe. Weka dole kwanza. Muhuri watarekebisha baadaye."

Na mkono wake ulishafungua kijisanduku chake cha wino. Ulikifungua kwa kidole kimoja, bila kuangalia. Ni mkono uleule. Umezeeka, una madoa, lakini niliujua.

Nikamwambia: "Dole langu nililitoa mara moja, likarudi bila shamba. Silitoi tena."

Mkutano ukavunjika. Tulirudi nyumbani kwenye ukungu na watu wanaongea mbele yetu kama sisi hatuna masikio. Hawakusema mtoto huyu ametuokoa. Walisema, "Alijuaje mpaka maandishi ya kwenye muhuri? Lazima anakula nao." Wakasema amefukuza ghala. Mtoto amesoma miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu, siku moja tu katika maisha yake kitu alichokisomea kimeingia kijijini kwao kwa mguu wake, ameangalia mara moja amekijua, na wao wanamshuku kwa sababu amekijua! Angekosea wangemcheka. Hakukosea, wakamwita msaliti. Nilitema mate chini pale njiani, na mimi si mtu wa kutema mate.

Yeye hakukasirika. Hilo nalo lilinikasirisha. Alichukua namba ya bosi wa yule kijana, akawa anakaa kwenye jiwe juu ya zizi ambapo simu inashika, amejifunika lile blanketi langu, anaongea Kichina na ng'ombe wanamtazama. Aliongea nao likizo yake yote. Aliniambia wale si watu wabaya, wanataka vitunguu kweli, ila wamezoea kuulizwa maswali, na mtu asiyewauliza wanadhani amekubali. Aliuandika upya mkataba. Kiswahili ndicho kitakachosimama. Ugomvi utaamuliwa hapa. Shamba linabaki langu, wanalitumia miaka michache halafu linarudi. Wilayani kila hatua ipitiwe. Hakuomba hata kitunguu kimoja, na vilikuwepo.

Ghala lenyewe mpaka leo ninapoandika halijajengwa, na wapo wanaoninunia kanisani. Mama mmoja aliniambia tungekuwa na ghala mwaka ule asingemwaga magunia yake mtoni. Huyo simjibu. Yeye alimwaga kweli, nilimwona akimwaga, na alilia. Lakini asiniulize mimi peke yangu. Aanzie kwa yule aliyekaa mezani kwa mwalimu.

Maana mkataba mpya ulipofika, nani aliuleta? Shemeji huyo huyo. Alikuja asubuhi, kofia mkononi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Mambo yamenyooka. Wilaya wamepitia, Wachina wamegonga. Imebaki wewe tu."

Akaweka karatasi mezani. Muhuri wa duara, nyota katikati, mwekundu, mzuri kwelikweli, sitadanganya. Nikaanza kuzipitia kwa kidole. Alikohoa, akasema mjukuu wangu ameshasoma zote. Nikaendelea. Nyuma kabisa walikuwa wameambatanisha muhtasari wa kikao kile cha darasani, na hapo kidole changu kikasimama. Kusoma polepole kuna faida yake: hasira haikupati kwa mkupuo, inakujia neno kwa neno, na kila neno linapata nafasi ya kukaa. Iliandikwa: wazee wa kijiji, wakiongozwa na mwenyekiti wa kikao, walibaini kasoro ya muhuri na kumwagiza mtaalamu airekebishe.

Walibaini.

"Nani alibaini?" nikamuuliza.

"Aa, shemeji. Hiyo ni lugha ya muhtasari tu."

"Nani?"

"Wazee. Kwa ujumla wao. Na mtoto naye akasaidia."

"Wazee walisema muhuri wa parokia."

"Huyo ni katekista."

"Na wewe ukafungua wino."

Nikachukua simu nikampigia mjukuu wangu, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Babu yako ameleta karatasi."

"Muhuri ni wa duara? Una nyota?"

"Unayo."

"Basi bibi, iko safi. Kwa sheria ya kwao na kwa sheria ya kwetu. Ukitaka kuweka dole, weka. Shamba halitapotea."

Shemeji akainuka nusu kwenye kiti, uso umefunguka. "Umesikia! Umemsikia Profesa mwenyewe!"

Profesa. Miaka yote hiyo alikuwa "yule wa mihuri", alikuwa "yule asiye na duka", kwenye muhtasari alikuwa "mtaalamu" kama fundi wa kuziba bomba, na siku limebaki dole langu tu kuwazuia ndipo amekuwa Profesa.

"Bibi? Unanisikia?"

"Karatasi umeisafisha, mama," nikamwambia. "Naiamini, kwa sababu ni yako. Ila mkono ulioileta siuamini. Ni ule ule ulionibonyeza dole wakati wewe unachuma majani ya boga."

Kisha nikasikia sauti yake, ndogo, si ya profesa hata kidogo.

"Bibi, ule wino ulitoka lini?"

Shemeji yangu alikuwa ameshatoa kijisanduku mfukoni, amekifungua, amekisogeza kwangu taratibu kwa kidole kimoja, na ameinamisha kichwa kwa heshima. Nikakifunika. Nikamwambia yeye, na mjukuu wangu akasikia kule aliko:

"Dole langu nililitoa mara moja, likarudi bila shamba. Silitoi tena."